Jogoo Niliyemchinjia Shangazi

Watu wengi hawapendi harufu ya manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni. Wanaziba pua, wanaondoka. Mimi harufu hiyo ikinifikia naacha kazi, nasimama, navuta pumzi mpaka kifua kinajaa. Wajukuu wangu wananicheka. Wacha wacheke.

Juzi ilinipata nikiwa na simu sikioni. Mjukuu wangu Minayo yuko Uhispania. Chuo chake kilimpeleka akae kwa familia ya huko mwaka mzima ajifunze lugha yao. Alikuwa analia. Nikauliza kama ni mgonjwa, akasema hapana. Kama ameibiwa, hapana.

"Kukhu, nimekwama," akaniambia. Hivyo ndivyo kwetu tunavyomwita nyanya, Kukhu. "Yale ya kuanza nilimaliza vizuri. Naweza kununua mkate, naweza kuuliza njia. Sasa wakiongea mezani naelewa karibu yote, lakini nikifungua mdomo natoa nusu, nusu ingine inapotea. Wakicheka, mimi nacheka wakiwa wameshamaliza. Nataka kurudi nyumbani."

Huku kwangu Shinyalu, mke wa mwanangu alikuwa uani akibabua jogoo wa wageni. Moshi ukaingia dirishani.

"Minayo," nikamwambia, "hapo ulipo napajua."

Nafikiri alidhani kichwa changu kimeanza kuzeeka. Kukhu aliyeacha shule darasa la tatu anajuaje mambo ya kukaa ugenini kusoma lugha? Nikamsimulia. Na sasa nayaandika haya kwa nyinyi wa umri wangu, kwa sababu watoto hawa wanadhani kukaa kwa watu ili ufunzwe kusema ni jambo lililoletwa na ndege. Sisi tulifika huko kwa lori la vitambaa. Mimi nilipelekwa Mumias.

Baba yangu alikuwa na mikono inayojua kila kitu na mdomo wa lugha moja tu, hii yetu ya nyumbani. Siku moja aliitwa ofisini kwa mambo ya mpaka wa shamba. Mimi nilimfuata nikimbebea chakula. Karani akauliza kwa Kiswahili, jirani yetu akajibu kwa Kiswahili, na baba akasimama katikati yao na kofia mkononi kama nguzo ya boma. Walipomaliza kuzungumza juu yake wakamwonyesha mlango. Arudi mwaka ujao. Jioni alisukuma sahani ya obusuma, ugali wetu, bila kumega, akamwambia mama, "Nataka mdomo mmoja katika nyumba hii."

Mtoto wa kiume hakuwa naye. Tulikuwa wasichana watatu na mimi ndiye mkubwa. Basi kazi zote za mvulana nilizifanya mimi. Nilichunga ng'ombe, nilipanda juu ya paa kuliziba kwa nyasi, na mgeni akija nilikimbiza kuku, nikamchinja. Majirani walisema msichana kuchinja ni vibaya. Baba akawaambia waje na mvulana wao basi wamwache hapo. Hakuna aliyeleta.

Mzee Rajabu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Mumias. Siku ya soko alikuja Shinyalu, na mvua ikifunga njia alilala kwetu. Yeye na baba walielewana kwa maneno machache na vicheko vingi. Wakapatana: nikae kwake mwaka mmoja kama binti yake, nifanye anachofanya binti yake, na nisikie Kiswahili asubuhi mpaka jioni.

"Lakini akinishinda," Mzee Rajabu akasema, "nitamrudisha hapo hapo. Tusilaumiane."

"Hatakushinda," baba akasema. Kisha akanigeukia, kwa lugha yetu: "Usirudi kabla hujaweza kunisemea."

Hayo ndiyo mafuta niliyopakwa ya safari.

Nyumba ya Mzee Rajabu ilinuka vitu ambavyo sikuwa na majina yao. Iliki. Binzari. Udi, ambao mimi nilidhani ni dawa ya mbu, na nikashangaa mbona mbu hawafi. Kulikuwa na mkeka mkubwa wa kulia chakula, na birika la maji lililozunguka kutoka mkono hadi mkono kabla ya mtu kugusa kitu. Watu wa Mumias wana lugha yao kama sisi, lakini mke wa Mzee Rajabu, Mama Zuhura, alizaliwa mjini Kisumu na alinyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Nyumbani mwake hakukubali lugha ingine. Alikuwa mwanamke mnene, wa polepole, mwenye sauti ya chini. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele mwaka mzima, na nilimpa sababu nyingi.

Binti yake, Zuhura, alikuwa wa umri wangu na mdomo wake ulikuwa wembe. "Ebu tusikie Mshinyalu akiomba chumvi," alikuwa akisema mbele ya wenzake. "Anaongea kama mtu anayetafuna mahindi mabichi." Wote wanaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa na ngumi nzuri, lakini nilikumbuka yale maneno, nitamrudisha hapo hapo, nikaziweka ngumi zangu chini ya leso.

Miezi ya kwanza ilikuwa rahisi. Mtoto anashika maneno kama kupe. Maji, kuni, ufagio, njoo, toka, shikamoo. Nilijiona nimemaliza. Halafu nikafika pale katikati, na hapo ndipo nilipoteseka. Nilisikia kila kitu. Nilijua wakinisema, nilijua wakinionea huruma. Lakini nikianza kueleza jambo langu, naanza vizuri, nafika nusu, maneno yanaisha kama daraja lililobebwa na mto. Naruka kwenye lugha ya kwetu au nanyamaza. Nyumbani nilikuwa msichana wa maneno mengi, hata nilichapwa kwa ajili ya maneno mengi. Kule nilionekana mjinga mpole. Hakuna kitu kinauma kama kuonekana mpole na wewe si mpole.

Mama Zuhura aliona. Kila alasiri tukichagua mchele kwenye ungo alinifanya nisimulie siku yangu. Nikifika nusu nikakwama, hakunisaidia. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Sema yote, mwanangu. Usiniachie nusu."

"Nimesahau, Mama."

"Hujasahau. Umeogopa. Rudi mwanzo."

Nilimchukia kwa hilo. Leo ndilo ninalomshukuru kuliko chakula chake chote.

Sasa, kuna jambo nililiona katika nyumba ile na nikalielewa kwa akili ya mtoto. Kila kuku alipotakiwa kuchinjwa, Mama Zuhura hakumgusa. Kama Mzee Rajabu yupo, alimwita. Kama hayupo, Zuhura alitumwa na kuku kwapani mpaka kwa Mzee Juma, fundi cherehani mzee aliyekaa karibu na msikiti, na kuku akarudi amechinjwa. Nilitazama hivyo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano. Mama mzima, jiko zima, visu vitatu, na kuku anasafirishwa! Nikajiamulia: Mama Zuhura anaogopa damu. Na binti yake pia. Nikamwonea huruma kabisa. Nikajiambia siku moja nitamwondolea hiyo aibu, ajue kwamba baba yangu hakumletea mzigo.

Siku yenyewe ikaja. Shangazi Hadija, dada mkubwa wa Mzee Rajabu, alikuwa anakuja kutoka Musanda. Huyo mama nilimwogopa kuliko nyoka. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipokuja mara ya kwanza nilimsikia mlangoni akimwambia Mama Zuhura, "Wifi, mtoto asiyeswali, na hata kusema hajui, ndani ya nyumba inayoswali? Siku moja mtalishwa kitu hapa. Mrudisheni kwao." Mama Zuhura alijibu polepole kwamba tuone kwanza mwaka uishe. Shangazi akasema, "Nikija tena nitaangalia mwenyewe."

Basi anakuja tena kuangalia mwenyewe. Mzee Rajabu yuko sokoni na vitambaa vyake. Mama Zuhura akafunga jogoo mwekundu miguu, akampa Zuhura. "Kimbia kwa Mzee Juma. Mimi nakwenda kununua mchele. Nikirudi nimkute jogoo amechinjwa." Akaondoka.

Zuhura akamweka jogoo kando ya mlango wa jiko. "Narudi sasa hivi," akasema, akaenda kwa jirani kumalizia nywele zake zilizosukwa upande mmoja.

Sasa hivi yake haikufika. Shangazi ndiye aliyefika. Nikamwamkia, nikampa maji, nikamtandikia. Akaketi sebuleni, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikasema ameenda dukani. "Na chakula?" Nikasema kinakuja. Nikarudi jikoni. Jogoo ananitazama. Kisu kinanitazama.

Nikafanya kama baba alivyonifunza. Mguu mmoja juu ya mabawa, mwingine juu ya miguu, shingo ivutwe, mara moja tu, asiteseke. Sikutazama kichwa chake kinaelekea upande gani wala sikusema neno. Kwetu ingokho, yaani kuku, wa mgeni anachinjwa kwa haraka na kwa furaha, maneno yanakuja wakati wa kula. Nikamwagia maji moto, nikanyonyoa, nikambabua juu ya moto. Ile harufu ikajaa uani, na mimi nikajisikia niko kwetu kwa mara ya kwanza tangu nije. Nikampasua vizuri. Firigisi nikaiweka kando, safi, ya mgeni.

Mama Zuhura akarudi, akaona nyama imeshakatwa kwenye sufuria. "Zuhura leo amekuwa na miguu!" akasema, akafurahi, akaanza kukaanga vitunguu. Nilitaka kumwambia, ni mimi, Mama. Lakini nilitaka kwanza ale, ashibe, ndipo nimpe hiyo zawadi. Nikanyamaza kwa raha zangu.

Zuhura akaja mbio, nywele zimekamilika. Akanivuta nyuma ya choo.

"Nani amempeleka jogoo?"

"Hakuna. Nimechinja mimi."

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Wewe? Wewe huswali! Hukusoma bismillahi! Hiyo ni kibudu, hailiwi. Ni kama kitu kilichojifia njiani. Mama akila ni dhambi. Shangazi akila..."

Nilimwelewa neno kwa neno. Hapo ndipo Mzee Juma aliponiingia akilini na kisu chake na msikiti wake karibu. Hakukuwa na mwoga wa damu katika nyumba ile. Mwoga nilikuwa mimi, na nilikuwa naanza wakati huo.

"Tumwambie Mama," nikasema.

"Usiseme!" Akanishika mkono akanifinya kwa kucha. "Nitachapwa kwa kuacha kazi niliyotumwa. Na wewe utarudishwa leo leo, Shangazi atakubeba mwenyewe. Hakuna aliyeona. Nyama ni nyama. Nyamaza tu, si unajuanga kunyamaza?"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Miezi mingapi sikuwa nimefanya kazi ingine isipokuwa kunyamaza? Niliona baba ofisini na kofia yake mkononi. Niliona nikishuka kwenye lori na nusu ya lugha, na jirani yetu akisogeza mpaka. Nikasema basi, nitanyamaza.

Mkeka ukatandikwa. Wali ukaja, mchuzi ukaja, unanukia binzari. Birika likazunguka. Mama Zuhura akamwekea Shangazi paja na ile firigisi niliyoitenga kwa mikono yangu. Zuhura akatazama magoti yake. Shangazi Hadija akasema bismillahi, akanyoosha mkono.

"Shangazi, usile."

Sikujua ni mimi niliyesema mpaka wote waliponigeukia. Mkono wa Shangazi ukabaki hewani juu ya sahani.

"Amesema nini huyu?"

Nikatazama mlango. Mama Zuhura akaweka kijiko chini. Sauti yake ile ile ya kuchagua mchele. "Sema, mwanangu. Sema yote."

Na nikasema. Nilianza mwanzo, jogoo akiwa kando ya mlango. Nikasema nilimwona Mama kila mara akituma kuku kwa Mzee Juma, nikadhani anaogopa damu, nikataka kumsaidia. Nikasema kwetu hatuna mvulana na baba alinifunza. Nikasema nilimkanyaga hivi, nikamkata hivi, na sikusoma chochote kwa sababu sikujua kuna cha kusomwa. Nikasema nimeambiwa sasa hivi kwamba hailiwi, na nilitaka kunyamaza ili nisirudishwe, kwa sababu baba hana wa kumsemea kule ofisini na shamba litakwenda. Nikasema Shangazi anaweza kunibeba akitaka, ila hiyo nyama asiile. Zuhura sikumtaja. Lakini alianza kulia mwenyewe, akajitaja.

Shangazi Hadija akarudisha mkono wake mapajani.

"Zuhura," akasema. "Wewe unayeswali ulikuwa unaniangalia nile?"

Zuhura akazidi kulia.

"Na huyu asiyeswali ndiye amenishika mkono." Akanigeukia. "Nani alisema huyu mtoto hajui kusema?"

"Wewe mwenyewe, wifi," Mama Zuhura akamjibu. Na bega lake likaanza kutikisika. "Ati naogopa damu!" Akacheka mpaka akalala kwenye mkeka, yule mama wa sauti ya chini. Shangazi alijizuia, akajizuia, halafu akapasuka. Na mimi nikacheka pamoja nao. Si baada yao. Pamoja nao.

Sufuria nzima ilipelekwa kwa jirani wa nyuma, mkata miwa aliyekuwa mtu wa kanisa kama mimi. Walikula wakanisifu. Mama Zuhura alisugua sufuria ile kwa majivu na kuisuuza mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na mimi nikimchotea maji. Shangazi Hadija, mgeni aliyesafiri kutoka Musanda, alikula wali kwa mayai, na hakulalamika. Zuhura hakuchapwa. Alipewa kuchagua mchele peke yake mwezi mzima, na aliniambia heri angechapwa.

Alasiri ile Mama Zuhura alinikalisha karibu naye. "Umesikia mwenyewe?" akaniuliza.

"Nini, Mama?"

"Leo hukuniachia nusu."

Nilimaliza mwaka wangu. Nilirudi nyumbani, na baba alipoitwa tena ofisini nilisimama mbele ya karani, kichwa changu kikifika kwenye meza yake, nikayaeleza mawe ya mpaka moja moja, babu aliyaweka wapi na jirani aliyasogeza lini. Karani akamuuliza baba, "Na huyu ni nani?" Nikamtafsiria. Baba akavaa kofia yake kichwani, humo humo ofisini, akasema, "Mdomo wangu." Ni kwenye shamba hilo hilo ninakoandikia haya.

Sikurudi shuleni. Kwa Kiswahili kile nilinunua mahindi Likuyani na kuyauza mpaka mbali, nikanunua lori, nikajenga ghala. Hakuna mtu aliyenisemea tena na hakuna niliyemwomba anisemee. Najisifu, ndiyo. Lakini mdomo huu sikujipa mwenyewe. Alinipa mwanamke wa dini ingine ambaye hakunidai kuibadilisha yangu, alinidai tu nimalize nilichoanza kusema. Tulimzika Mumias, na Zuhura, bibi kizee sasa, alininong'onezea kwa machozi, "Ati mama aliogopa damu," na tukaziba midomo kwa leso tusije tukaonekana tunacheka msibani.

Hayo yote nilimsimulia Minayo. Halafu nikamuuliza, "Na wewe, ni nini unawaficha hao watu?"

Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mama wa nyumba ile humfungia kila asubuhi mkate wenye samaki wadogo wa chumvi, na yeye hawezi kuwameza. Wiki nyingi sasa anautupa njiani na kurudi akisema ulikuwa mtamu. Sasa yule mama amezidisha samaki.

Nilicheka mpaka mke wa mwanangu akaja kuona kama niko salama. "Nenda umwambie," nikasema. "Yote. Usimwachie nusu."

Jana alipiga tena. Amemwambia. Yule mama alishika kichwa, akacheka, akamwita mume wake aje asikie, na Minayo akalazimika kusimulia upya. Nikamwambia anisimulie na mimi kama alivyowasimulia wao, kwa Kihispania hicho hicho. Akaanza. Nilikaa uani na simu sikioni, firigisi yangu kwenye sahani, na sikuelewa hata neno moja. Lakini nilisikiliza mpaka mwisho, na hakukatika popote.